Utafiti wa ubongo si anasa ya nchi tajiri

Hapa Uganda nasikia mara nyingi: utafiti wa ubongo ni mambo ya Ulaya, sisi tutafutiwe dawa ya malaria kwanza. Dawa tunazihitaji, sibishi. Lakini hilo la utafiti si kweli, na ushahidi uko katika mji wa Mbale, mashariki mwa nchi.

Mtoto mwenye ugonjwa wa kichwa kikubwa ana maji kichwani ambayo ubongo huyatengeneza kila siku, ila yamekosa njia ya kutoka. Utosi hutuna, macho huelekea chini. Tiba ya kawaida ilikuwa kuwekewa mpira mwembamba wa kuyapeleka tumboni. Mpira huo huziba, na ukiziba mama aliye mbali, kule Karamoja, anahitaji daktari wa upasuaji upesi, barabara iwe nzuri au mbovu. Katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Dkt. Benjamin Warf aliunganisha njia mbili: kutoboa tundu ndani ya ubongo maji yapite, na kuchoma tishu inayoyatengeneza. Mara nyingi mpira hauhitajiki tena.

Matokeo ya jaribio la watoto 100 pale Mbale, lililogharimiwa na fedha za umma za Marekani, yalitoka 2017: baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili haukutofautiana sana kati ya waliowekewa mpira na waliopata tiba ya Warf, yaani kukosa mpira hakukuwarudisha nyuma. Kampuni gani ingelipia hilo? Tundu haliuzwi dukani.

Tena wengi wa watoto hao huanza na maambukizi ya uchangani, wala si kulogwa. Mwaka 2020 watafiti walitaja bakteria mmoja anayehusika, Paenibacillus. Naomba kodi yetu nayo iingie humo.