Diski Iliyochomekwa Saa Zote Haitoshi

Wafanyabiashara wengi wa Unguja na Pemba wakizungumzia hatari ya kupoteza kumbukumbu za biashara zao huanza na umeme, na si ajabu, kwani mtu aliyekuwapo Unguja tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme itokayo Bara ilipoharibika, hawezi kuisahau miezi ile mitatu ya giza. Kwa hivyo hununua betri ya akiba na jenereta, kisha wakaona kazi imekwisha. Betri huilinda mashine isizimike ghafla, lakini haimzuii karani kufuta faili la mauzo, wala mwizi kubeba kompyuta, wala hewa ya chumvi kuzila taratibu mashine za ofisi iliyo karibu na bahari.

Ninapoingia ofisi mpya kukagua, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni diski ya nje. Mara nyingi naikuta imelala juu ya seva yenyewe, yaani kompyuta kuu inayohifadhi mafaili ya ofisi, imechomekwa tokea siku iliyonunuliwa, taa yake ikimetameta, na vyote viwili vinategemea ekstensheni moja. Mwenye ofisi hunieleza kwa fahari kwamba kila usiku programu hunakili kila kitu, na kweli hunakili. Tatizo ni kwamba virusi vya kudai fidia hufunga kila faili ambalo kompyuta ina ruhusa ya kuliandika, na diski iliyochomekwa ni mali ya kompyuta hiyo sawasawa na diski yake ya ndani. Maji yakivuja darini, au umeme ukirudi kwa kishindo, vitaharibika vyote pamoja.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Maersk, kampuni ya meli ya Denmaki. Mwezi Juni 2017 programu haribifu iitwayo NotPetya iliuangusha mtandao wake duniani kote, na baadaye mwenyekiti wake alieleza kwamba walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zilizohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikiwa akiba ya nyingine, lakini zilifutika zote kwa pamoja, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na seva haikuwa mtandaoni wakati wa shambulio. Intaneti ya pale ilikuwa na kasi ndogo mno kuweza kuzituma data hizo Uingereza, hivyo diski ikasafirishwa kwa ndege, mkononi mwa mtu.

Habari hiyo ina mambo mawili yanayotuhusu sisi watu wa visiwani. La kwanza ni kwamba nakala iliyookoa ni ile iliyotengana na mtandao. La pili ni kasi, na hapa ndipo wauzaji wa huduma za wingu, yaani za kuhifadhi nakala kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti, wasipopenda kukaa sana. Terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu moja, ikipakuliwa kwa megabiti 20 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika moja, huchukua zaidi ya siku nne na nusu. Na Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipoharibika Afrika Mashariki, hata kasi hiyo wengi hawakuipata. Siipingi huduma ya wingu, kwani duka likiungua ndiyo itakayobaki. Ninachosema ni kwamba pawepo pia diski mbili za kupokezana: moja ichomekwe wakati wa kunakili tu, nyingine ikae mbali na jengo, iwe imefungwa kwa nywila. Mwenye matawi Mjini na Chake Chake anaweza kuzibadilisha kila wiki kwa boti, na wala asione haya.

Ni mara ngapi unakili hutegemea biashara. Hoteli ya Nungwi inayopokea oda za vyumba usiku na mchana haiwezi kumudu kupoteza siku nzima, ilhali mwenye bohari anayeandika hesabu jioni anaweza.

Kinachopuuzwa kuliko yote ni kujaribu kurejesha. Januari 2017, GitLab, kampuni ya kuhifadhi kazi za waandishi wa programu, ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya, ndipo ikagundua kwamba nakala za kila siku hazikuwa zikitengenezwa na barua pepe za kutoa taarifa ya kosa zilikuwa zikikataliwa. Iliokolewa na nakala ya saa sita nyuma iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa. Basi kila baada ya miezi mitatu chukua kompyuta isiyo na kitu, si seva ile ile, umpe diski mtu ambaye hakuupanga mfumo, naye arejeshe kila kitu kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Afungue risiti ya juzi, alinganishe salio la mteja mmoja na kitabu, kisha aandike imemchukua saa ngapi.