Huangyu, samaki wa milimani anayechukua miaka 10 kufika nusu kilo

Kila tukienda kwenye mialo kuongea na wavuvi habari za kupumzisha ziwa swali la kwanza huwa ni lilelile, sasa mkifunga hawa samaki watarudi lini? Na sisi wataalamu tunajibu "inategemea na samaki mwenyewe", jibu ambalo kiukweli linawaudhi watu maana linasikika kama mtu anakwepa. Basi leo nimeona niandike kuhusu samaki mmoja wa mbali kabisa, wala hutamkuta kwenye soko la samaki la Kirumba wala la Feri, ila ukimwelewa huyu utaelewa kwa nini ziwa moja linafungwa miezi 3 na lingine linafungwa miaka 30 na bado wanasema subirini kwanza.

Anaitwa huangyu, ndivyo wanavyomwita wenyeji, kwenye vitabu ni Gymnocypris przewalskii, hilo la pili limetokana na mpelelezi wa Kirusi Przhevalsky aliyezunguka maeneo yale karne ya 19. Ni jamii ya kapu, ukoo uleule ambao huku kwetu una kuyu na ningu, na hata dagaa wa Ziwa Victoria ni ndugu yao wa mbali (wengi hawaamini nikiwaambia hili, wanajua dagaa ni dagaa tu). Anaishi Ziwa Qinghai, kaskazini magharibi mwa China kwenye uwanda wa juu wa Tibet, mita kama 3,200 kutoka usawa wa bahari. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo umeshaipita Mandara ila Horombo bado hujafika, sasa kwenye kimo hicho weka ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 4,000, ndiyo ziwa kubwa kuliko yote China nzima.

Sasa hilo ziwa lenyewe siyo mahali pa raha. Mito inaingia lakini hakuna hata mmoja unaotoka, maji yanaondoka kwa kukaushwa na jua na upepo tu, kwa hiyo chumvi inayoletwa na mito inabaki palepale na kujikusanya miaka na miaka. Leo ukichota lita moja unapata gramu kama 12 mpaka 14 za chumvi, ni kama theluthi ya chumvi ya baharini, na juu ya hapo maji ni ya magadi, pH imepita 9. Baridi ikianza Desemba ziwa linaganda juu mpaka kama Machi hivi. Hewa nayo ni nyepesi, kwenye kimo kile msukumo wa oksijeni ni kama theluthi mbili tu ya ule unaoupata ukiwa Tanga au Mombasa. Na chakula ni kidogo, vijidudu vya majini na mwani basi.

Ukimshika huyu samaki kitu cha kwanza unachokiona ni kwamba hana magamba. Ngozi tupu, mgongo wa kahawia unaoelekea kijivu, tumbo linaelekea njano, utelezi mtupu kama kambare ila umbo ni la kapu kabisa. Ila mgeuze tumbo juu uangalie karibu na tundu la haja, utakuta safu mbili za magamba makubwa, moja kila upande, zimeshuka mpaka kwenye pezi la chini kama zipu iliyofunguliwa. Na machache sana nyuma ya kifuniko cha matamvua. Hizo safu mbili ndiyo alama ya ukoo mzima wa kapu wa milimani wa Asia, wapo Nepal, Kashmir, Kirgizia, Tibet, wote wanayo. Ziwa Rara kule Nepal, karibu mita 3,000 juu, lina aina 3 ambazo hazipatikani popote pengine duniani. Na kuna jambo watafiti walilitambua zamani, kwamba wale wanaoishi chini chini milimani wana magamba mwili mzima, kadiri unavyopanda magamba yanapungua, ukifika juu kabisa unakuta wako uchi kama huyu wetu. Wanahusisha na ule uwanda wenyewe kuinuka taratibu kwa mamilioni ya miaka huku samaki wakiwa ndani ya mito yao, yaani hawakuupanda mlima, mlima ndio uliwapandisha.

Haya tuje kwenye sehemu ambayo mimi naipenda kuliko zote, jinsi anavyoishi na hiyo chumvi.

Samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, ana kazi moja haishi usiku na mchana. Damu yake ina chumvi kuliko maji aliyomo, kwa hiyo maji yanataka kuingia mwilini na chumvi inataka kutoka, na yeye anakojoa mkojo mwingi mwepesi kutoa yale maji na matamvua yake yanafanya kazi ya kuvuta chumvi kutoka nje kuirudisha ndani. Hiyo kazi inakula nguvu. Sasa huangyu akiwa ziwani, chumvi ya maji inakaribiana na chumvi ya damu yake, kwa hiyo zile pampu za kwenye matamvua zinapunguza kazi, figo nazo zinapoa. Watafiti wa Canada na China walichukua samaki kutoka mtoni wakawaingiza kwenye maji ya ziwa wakapima, matumizi ya oksijeni yalishuka kwa kama asilimia 40. Asilimia 40 siyo mchezo. Wenyewe wakaiita likizo ya mwili, na kwenye sehemu ambayo oksijeni yenyewe ni ya kubana, chakula kidogo na barafu juu ya kichwa miezi mitatu minne, likizo ya namna hiyo ndiyo inayomfanya aendelee kuwepo.

Lakini anailipia. Mwili unaokaa kwa kubana matumizi kwenye maji yenye ubaridi mkali haunenepi haraka, huyu samaki anachukua kama miaka 10 kufika nusu kilo. Hebu fikiria sato wa kwenye bwawa, ukimlisha vizuri nusu kilo unaipata ndani ya miezi 6 mpaka 8. Kwa hiyo huangyu wa nusu kilo unayemuona kwenye sahani ana umri wa mtoto wa darasa la nne, na ukivua tani moja ya wakubwa siyo kwamba umevua mazao ya msimu, umevua mazao ya muongo mzima.

Na kuna bei ya pili. Mayai hayawezi kukua kwenye lile ziwa, chumvi na magadi vimezidi, lazima yatagwe kwenye maji matamu. Kwa hiyo kuanzia Mei mpaka Agosti, kilele chake Juni, samaki wazima wanaacha ile likizo yao wanaingia mitoni, Buha ambao ndio mkubwa kuliko yote, Shaliu, Quanji, Heima, wanapanda kinyume na mkondo mpaka kwenye changarawe wanataga. Kule mtoni zile pampu zinawashwa upya, mwili unarudi kwenye gharama kubwa, na safari yenyewe ni ya kupambana na maji. Vifaranga vikianguliwa vinakaa kidogo halafu vinateremka na mkondo kuingia ziwani. Juni mto Shaliu unajaa samaki mpaka migongo inatokeza juu ya maji, kwenye vina vifupi unaona mto kama umebadilika rangi, na juu yao shakwe, na mnandi nao wapo, wanakula mpaka wanashindwa kuruka vizuri. Ndege wote wale wanaolizunguka ziwa wanaokula samaki wanamtegemea yeye tu, maana ziwani hakuna samaki mwingine wa maana.

Mtu yeyote wa uvuvi akisikia habari ya samaki wote wazazi kupita kwenye midomo ya mito michache kwa wakati mmoja anajua kinachofuata.

Kwa karne nyingi walinusurika kwa sababu wafugaji wa Kitibeti wa pale walikuwa hawali samaki, kwao ziwa ni takatifu na kuua viumbe wengi wadogo kwa mlo mmoja haikuwa sawa. Uvuvi mkubwa ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na ikaja ile njaa kubwa ya China ya 1959 mpaka 1961. Watu walikula walichokipata, na mkoa ule walimpata huangyu. Mwaka 1960 peke yake zilitolewa tani zaidi ya 28,000. Mimi siwezi kumlaumu mtu aliyevua mwaka ule, watoto walikuwa wanakufa. Shida ni kwamba njaa iliisha na nyavu zikabaki. Halafu kwenye mito yakajengwa mabanio na mabwawa ya kumwagilia mashamba, samaki anafika chini ya ukuta na mayai tumboni hana pa kwenda, na maji yakichepushwa shambani mto unakauka na mazalia yanakauka nao. Ziwa lenyewe nalo lilikuwa linashuka, toka miaka ya 1950 mpaka 2004 lilipungua zaidi ya mita 3.

Serikali ilianza kuzuia mwaka 1982, lakini kile kizuizi cha mwanzo kilikuwa cha kupunguza tu, unaruhusiwa tani elfu kadhaa, baadaye elfu 2, baadaye mia 7. Huko kupunguza kidogo kidogo kwa samaki wa miaka 10 mimi naona kulikuwa ni kujifurahisha, kila mwaka unatoa wazazi wengi kuliko wanaokua. Makadirio ya zamani yanasema ziwa lilikuwa na tani kama 320,000. Mwaka 2002 walipopima zilikuwa zimebaki kama 2,600. Rudia kusoma hizo namba mbili.

Mwaka 2001 ndipo wakafunga moja kwa moja, sifuri, hakuna kuvua na hakuna kuuza hata mgahawani, kwa miaka 10. Ikaisha wakaongeza 10. Ikaisha 2020 wakaongeza tena mpaka 2030. Ujangili haukukosekana, ila walifanya na mambo mengine mawili. La kwanza walikuwa wanakamua mayai na mbegu za samaki wanaopanda mtoni, wanatotolesha kwenye vituo, vifaranga wanawaachia kila mwaka. La pili, na hapa ndipo mimi naweka kura yangu, walifungua njia. Kuta nyingine zilibomolewa, na pale ambapo banio lilibaki wakajenga ngazi za samaki, ile ya mto Shaliu pale Gangcha imepangwa vidaraja vifupi vifupi, samaki anaruka kimoja anapumzika kwenye kidimbwi anaruka kingine, watalii wanajazana kuangalia. Vituo vya vifaranga vinapendeza kwenye picha na viongozi wanapenda kumwaga ndoo mbele ya kamera, lakini ndoo ngapi zitafikia mto mmoja ulio wazi wenye wazazi laki kadhaa ndani yake? Na bahati nayo iliwaangukia, kuanzia 2005 mvua ziliongezeka na ziwa likaanza kupanda tena, mito ikapata maji.

Mwaka 2020 makadirio yalifika tani 100,000, na 2023 yakawa kama 120,000. Ni zaidi ya mara 40 ya ile ya 2002.

Sasa wale wanaouliza mbona Ziwa Tanganyika mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti tu, miezi 3, inatosha kweli? Dagaa wa Tanganyika anakua haraka, maisha yake yote ni kama mwaka au zaidi kidogo, ukimpa nafasi msimu wa kuzaliana anaweza kuonyesha mabadiliko muda mfupi. Ukimpa huangyu miezi 3 hata hajajua kama kuna mtu amefunga kitu.

Ila anayenihangaisha mimi ni ningu wetu. Ningu na kuyu wa Ziwa Victoria wanafanya kama huangyu, mvua zikishiba wanaingia mitoni, Kagera, Mara, Nzoia, Sondu, wanapanda kutaga. Zamani ningu alikuwa samaki wa biashara hasa, wazee wa kando ya ziwa watakuambia, na aliporomoka katikati ya karne iliyopita baada ya watu kutega makila, yaani nyavu za kutegesha, kwenye midomo ya mito wakati wa kupanda, kabla hata sangara hajawa tatizo. Watu wengi wanamsingizia sangara kila kitu lakini kwa ningu nyavu zilitangulia. Kwa hiyo ukiona mtu ametanda wavu kutoka ukingo mmoja wa mto mpaka mwingine msimu wa mvua, huyo anavua wote waliopangiwa kutaga mwaka huo, na hilo ndilo jambo tunaloziomba BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, zilitazame kwanza kabla ya kukimbizana na mtu mwenye ndoano mbili.

Kuna swali jingine tunaulizwa, je huyu samaki analika, maana China wanakula kila kitu (siyo kweli lakini tuache). Nyama analika, na kabla ya katazo alikuwa anakaangwa na kukaushwa. Mayai hapana. Kapu wa ukoo ule wanajulikana kwa mayai yenye sumu, ukila unatapika na kuharisha vibaya, na kule Himalaya wanaovua ndugu zake wanatupa mayai kabla ya kupika. Ukisafiri huko ukakuta mtu anakuuzia huangyu kwa siri, kumbuka ni kosa kwa muuzaji na kwako pia.

Katazo la sasa linaisha mwisho wa 2030. Tani 120,000 ni nyingi ukilinganisha na 2,600, ila bado haijafika hata nusu ya zile 320,000 za zamani, na samaki aliyeanguliwa mwaka huu nusu kilo ataifikia katikati ya miaka ya 2030, katazo likiwa limeshaisha.