Inteki ya hewa baridi: maana yake kwa pikapu iliyobadilishwa injini

Inteki ya hewa baridi ni njia inayoipa injini hewa ya nje, hewa ambayo bado haijapashwa na rejeta, turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) wala bomba la moshi. Huwa na mdomo wa kuvutia, filta ndani ya boksi lililofungwa, bomba, na mipira ya kuunganisha. Kinachoipa jina ni mahali mdomo unapovuta. Filta ya koni inayong'aa iliyofungwa wazi nyuma ya rejeta inavuta hewa moto, hata ikiwa imenunuliwa ghali na injini inanguruma vizuri.

Joto lina uzito gani hapa? Hewa ikipata moto hutanuka, hivyo silinda ikijaa, oksijeni iliyomo ni kidogo. Hewa ya nyuzi 60, ambayo si ajabu chini ya boneti gari likitambaa kwenye foleni, ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko hewa ya nyuzi 25. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake tayari ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya pwani. Ukipanda na mzigo kupita Salgaa hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, inapungua tena. Kwa sisi wa Bonde la Ufa, kupoteza asilimia 10 nyingine chini ya boneti ni hasara inayoonekana mlimani.

Hata hivyo, inteki haizalishi nguvu. Kwenye dizeli nguvu hutokana na mafuta yanayopigwa na pampu; hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote, moshi mweusi unatoka na joto la ekzosi linapanda. Inteki nzuri inazuia hayo. Anayekuahidi nguvu za farasi zaidi kwa sababu ya bomba peke yake anakudanganya.

Injini ikibadilishwa, suala hili haliepukiki. Chukua Hilux iliyotoka kiwandani na injini ya dizeli iitwayo 3L (ni jina tu, si ujazo wa lita) isiyo na turbo, ikawekewa injini ya 1KZ ya lita 3 yenye turbo. Boksi la zamani halilingani tena na mdomo wa turbo, na bomba lake lilipimwa kwa injini iliyovuta hewa kidogo. Mwenye gari anataka gari jioni, basi filta inafungwa papo hapo kando ya turbo. Hapo ndipo kazi nzuri ya siku kadhaa inapoharibiwa.

Ukubwa wa bomba unahesabika. Injini ya lita 3 ikizunguka mara 3,600 kwa dakika huvuta kama lita 5,400 kwa dakika, kwa kuwa kila silinda hujaza hewa mara moja katika mizunguko miwili. Turbo ikisukuma, kiasi hicho huongezeka zaidi ya nusu. Bomba la inchi 3 lina nafasi mara mbili na robo ya lile la inchi 2, kwa hiyo hewa hupita taratibu na turbo haihangaiki kuivuta. Mikunjo iwe mipana, na bomba lisibonyee kwenye kona. Kuta za ndani ziwe laini, na chembe zozote za kuchomea zisuguliwe zitoke kabisa, kwa sababu chembe moja ya chuma ikilegea inagonga mapanga ya turbo yanayozunguka kwa kasi kubwa mno.

Injini ikiwa ya petroli yenye sensa ya kupima hewa, usibadilishe kipenyo cha sehemu sensa inapokaa. Imepimwa kwa bomba lake; ukiiweka kwenye bomba pana inasoma hewa pungufu na kompyuta inapunguza mafuta. Iache kwenye kipande chake cha asili, mbele yake kuwe na sehemu iliyonyooka. Mpira wa kupumulia wa injini, ule unaotoa mvuke wa ndani ya injini, nao urudishwe kwenye bomba baada ya filta. Ukiachwa ukining'inia, tundu lililobaki kwenye bomba linakunywa vumbi.

Mdomo wenyewe uwekwe wapi? Ndani ya madigadi, juu, ni pazuri. Chini nyuma ya bampa kuna baridi, lakini ukienda Kisumu kupitia Ahero wakati mto Nyando umefurika, injini itavuta maji. Maji hayabanwi, na konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki, hupinda papo hapo. Vumbi nalo ni adui wa polepole. Huku kwetu udongo ni wa volkeno, na pale Kariandusi karibu na Gilgil kuna machimbo ya diatomaiti, unga wenye silika nyingi. Silika hula ringi za pistoni na silinda. Ndiyo maana ningechagua filta ya karatasi ndani ya boksi linaloziba sawasawa kuliko filta ya wazi inayosifiwa kupitisha hewa nyingi.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua hosi ya plastiki inayoonyesha ndani, ikunje mfano wa U, weka maji ndani, kisha unganisha ncha moja kwenye tundu dogo kati ya filta na turbo. Panda mlima ukiwa umekanyaga mafuta, na mtu mwingine asome tofauti ya maji. Kwa dizeli nyingi zenye turbo, kikomo cha kubadilisha filta ni tofauti ya karibu inchi 25 za maji. Filta mpya ikikaribia hapo, bomba ni jembamba au mikunjo imezidi. Ukimaliza, ziba tundu hilo vizuri. Baada ya safari ya vumbi, fungua mpira wa turbo na ufute ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya udongo, kaza klipu, kagua ukingo wa boksi, na usilipakie gari mzigo mpaka ujue hewa inapenyea wapi.