Gamba la kauri juu ya magnesi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Sentimita moja ya ujazo ya magnesi, metali nyepesi, ina gramu 1.74, ya alumini, gramu 2.70. Kwa wepesi huo aloi za magnesi (magnesi iliyochanganywa na metali nyingine) hutafutwa kwa ajili ya magari na ndege. Taabu ni kwamba maji ya chumvi huzila (wengi huita kutu, ingawa kutu ni ya chuma), na zikisuguliwa hulika upesi. Basi huvishwa kauri, kitu kigumu cha jamii ya vigae, si ile ya baharini, na maneno huanzia hapo.

"Magnesi hujilinda yenyewe kama alumini." Hapana. Oksidi yake, yaani magnesi iliyoungana na oksijeni, huwa na takriban asilimia 81 tu ya ujazo wa metali iliyoizaa, hivyo haiutoshi uso. Ni shuka fupi: ukijifunika kichwa, miguu iko nje.

"Kauri hupakwa kama rangi." Ziko zinazopulizwa, lakini kuna njia maarufu kwa magnesi isiyopaka chochote. Kipande hutumbukizwa katika elektroliti ya alikali, yaani kimiminika kinachopitisha umeme, yenye silikati au fosfati kwa mfano, kisha hupitishiwa umeme wa volti mia kadhaa. Cheche ndogo ndogo hutambaa juu yake, na uso wa metali hugeuka oksidi, ambayo ndiyo kauri yenyewe. Gamba huota kutoka kwenye metali yenyewe, ndiyo maana hushika barabara.

"Likiwa nene, kazi imekwisha." Hili ndilo linaloponza wengi. Cheche huacha vitundu. Kadiri gamba linavyonenepa, cheche hupungua idadi lakini huwa kubwa, na vitundu vyake hupanuka, wakati mwingine pamoja na nyufa. Maji ya chumvi hayapimi unene, hutafuta upenyo. Kinga kubwa hutoka kwenye tabaka la ndani, jembamba lililoshikamana. Mimi ningechukua gamba la wastani lililozibwa vitundu kwa polima (kitu cha jamii ya plastiki) kuliko nene lililoachwa wazi. Tena boliti ya chuma ikigusa magnesi palipochubuka penye unyevu, magnesi ndiyo itakayoliwa, hata kama kwingine kote kumefunikwa vizuri.

"Kauri ni ngumu, kwa hiyo hailiki." Ugumu upo. Ila uso wake wa nje hukwaruza kama tupa, ukala kipande unachosuguana nacho, hivyo mara nyingi husagwa kwanza ulainike. Na mzigo mzito ukikandamiza sehemu ndogo, metali laini iliyo chini hubonyea, kauri ikapasuka kama ganda la yai.