Kutosikia Baridi Si Kuishinda

Nimeandikiwa tena, safari hii na mwalimu wa mazoezi ya viungo, kwamba baridi iko kichwani tu: mwenye nia thabiti huivumilia, mwili wake huizoea baada ya dakika chache, na fikra zake hunoleka kuliko za mtu aliyejifunika blanketi. Kazi yangu ni kuwaingiza watu wazima, wenye afya na walioridhia, katika maji na vyumba vya baridi, kisha kupima kilichobaki cha nguvu na akili zao. Kwa hiyo kauli hii naisikia kila mara, na aghalabu naisikia kutoka kwa mtu ambaye wakati huohuo anashindwa kufunga vifungo vya shati lake. Nimechoka kuitikia kwa tabasamu la adabu.

Kosa la msingi ni kuzungumza kana kwamba mwili una joto moja. Kuna joto la ngozi, kuna la misuli, kuna la kiini, yaani viungo vya ndani kabisa kama moyo na ubongo, na kila moja hushuka kwa kasi yake na huharibu kitu chake. Mtu akitumbukia katika maji ya nyuzi 10, ngozi hupoa ndani ya sekunde chache, misuli ya mikono huanza kumwangusha ndani ya robo saa ya kwanza, ilhali kiini, kwa mtu mzima aliyevaa nguo, kwa kawaida huchukua nusu saa au zaidi kabla ya kufika 35. Ndiyo maana wengi wanaofia majini katika baridi hawafi kwa hipothemia, yaani kiini kushuka chini ya nyuzi hizo 35. Hufa mapema kuliko hapo, kwa mshtuko wa kwanza unaowafanya wavute pumzi kwa nguvu wakiwa bado wako chini ya maji, au kwa mikono na miguu iliyokataa kuogelea.

Mshtuko huo hufikia kilele katika nusu dakika ya kwanza na kwa kawaida hutulia baada ya dakika mbili au tatu. Hapo ndipo mwalimu wangu na wenzake hutangaza ushindi. Pumzi imerudi, mapigo ya moyo yamepungua, maumivu ya ngozi yamefifia, basi mwili umeizoea baridi. La hasha. Vipokezi vya ngozi hulia sana joto linapobadilika kwa kasi, na hunyamaza kwa kiasi kikubwa joto linapokaribia kutulia huko chini. Kunyamaza kwao ni taarifa ya kwamba ngozi imekwisha kupoa, si kwamba imepata joto. Joto linaendelea kuondoka mwilini vilevile, na maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi kuliko hewa. Kilichopungua ni kelele tu. Nasisitiza jambo hili hadi kuchosha, kwa sababu hizo dakika za utulivu ndizo dakika bora kabisa za kutoka majini, nazo ndizo ambazo watu huzitumia kubaki.

Haki itendeke: kuizoea baridi kupo. Mtu akiingia katika maji baridi mara tano au sita hivi, dakika chache kila mara, mshtuko wake wa kupumua hupungua sana, na sehemu ya manufaa hayo hudumu kwa miezi. Lakini kinachofunzwa hapo ni mfumo wa tahadhari, ambao umejifunza kutopiga yowe. Mwili wenyewe haujajifunza kuzalisha joto la ziada. Mazoea ya kina zaidi yaliwahi kupimwa kwa wanawake wapiga mbizi wa Korea, wale Haenyeo, ambao walikuwa wakizamia hata majira ya baridi wakiwa na mavazi mepesi ya pamba: umetaboli wao wa mapumziko, yaani kasi ya mwili uliotulia kuchoma chakula na kutoa joto, ulipanda wakati wa baridi na tishu zao zilihifadhi joto kuliko za wanawake wasiozamia. Katika miaka ya 1970 walianza kuvaa suti za mpira, na katika miaka michache mazoea hayo yakatoweka. Kwa hiyo yeyote anayetaka mwili wa namna hiyo ajiandae kuumia kwa miaka, si kwa wiki mbili za kuoga maji baridi asubuhi.

Sasa mikono, ambayo vitabu huipa aya moja. Wepesi wa vidole huanza kupungua waziwazi ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15, na ikikaribia nyuzi 8 uwezo wa kuhisi kwa kugusa huporomoka. Neva iliyopoa husafirisha ishara polepole, kisha haisafirishi kabisa. Msuli uliopoa hukawia kukaza na hukawia kulegea, na katika kazi za ghafla kama kuruka au kurusha hupoteza takriban asilimia 3 hadi 5 ya nguvu kwa kila nyuzi moja unayopoa. Hakuna ushujaa unaoharakisha neva. Katika chumba cha majaribio huwa namtazama mtu akijaribu kuokota pini ndogo mezani: kidole gumba kinakuja kutoka pembeni kama kipande cha mti, pini inasogea, anaifuata, inasogea tena, hatimaye anaiburuta hadi ukingoni mwa meza ili aidake inapoanguka. Nikimwuliza mikono ikoje, hujibu kwamba sasa ni afadhali, haiumi tena. Bila shaka haiumi.

Glavu husaidia, lakini glavu nene zenyewe huondoa wepesi wa vidole, na mtu huzivua ili afunge kifungo kimoja, kisha hawezi kuzivaa tena. Vilevile, kuvaa glavu na kuacha kiwiliwili kikipoa ni kazi bure, kwa kuwa mwili unaolinda kiini hukata damu ya vidole kwanza, hata vikiwa ndani ya manyoya.

Kuhusu ustahimilivu wa mazoezi, anayedai kwamba baridi huuongeza ana nusu ya ukweli. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1997, waendesha baiskeli walidumu muda mrefu zaidi katika hewa ya nyuzi 11 kuliko katika nyuzi 4, 21 au 31. Hii ni hewa baridi inayomsaidia mtu mwenye mwili moto kutoa joto lake la ziada. Mwili wenyewe haukupoa. Ni mambo mawili yanayopingana, na kuyachanganya ndiko kunakozaa video zote zile za watu walioketi katika mapipa ya barafu wakisubiri kuwa wakimbiaji.

Mengine nayapita haraka. Kichwa hakipotezi nusu ya joto la mwili. Ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi yote na hupoteza kwa uwiano usio mbali na huo, ingawa ni kweli kwamba mwili mzima ukiwa umefunikwa na kichwa kikaachwa wazi, kitaonekana kuwa na hatia kubwa. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, hivyo humpa mnywaji hisia ya joto kwa gharama ya joto lenyewe. Mapafu hayagandi, hewa hupata joto njiani, ila ukavu wake huwabana pumzi wanariadha wa kuteleza kwenye theluji kwa masafa marefu, ambao mashindano yao ya kimataifa hayafanyiki chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Tubaki na akili, kwa sababu hapa vitabu hujifanya vina uhakika ambao sisi tunaopima hatuna. Kiini kikiwa bado na joto na ngozi peke yake ikiwa baridi, matokeo ya majaribio yanapingana. Wengine hupata kwamba baridi huvuruga umakini kwa kuwa sehemu ya akili inashughulika na maumivu. Wengine hupata kwamba kwa kazi nyepesi baridi kidogo huamsha, na mtu hujibu haraka zaidi. Mimi nashuku sehemu ya haraka hiyo: mtu anayejua kwamba ataruhusiwa kutoka jaribio likiisha atalimaliza upesi, na makosa yake huongezeka sambamba na kasi yake. Isitoshe, wanaojitolea ni vijana wenye afya wanaojua kwamba tuko mlangoni na blanketi. Sioni kwa nini tuwachukulie kuwa kielelezo cha mtu aliyepotea mlimani usiku.

Kiini kikianza kushuka, mzaha unaisha. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kwamba uwezo wa kuhifadhi taarifa mpya huanza kudhoofika kuanzia nyuzi 36.7 hivi, na kwamba kati ya 34 na 35 takriban asilimia 70 ya yale ambayo kwa kawaida yangehifadhiwa hupotea. Lakini kukumbuka yaliyojifunzwa zamani hakukuathirika, na hesabu zilifanywa polepole zaidi bila kuongezeka makosa. Tazama maana yake. Mtu huyo atakutajia jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na njia yote ya kurudi kambini, nawe utaridhika kwamba akili zake ni timamu, ilhali agizo ulilompa dakika tano zilizopita halimo kichwani mwake kabisa. Yeye mwenyewe hawezi kugundua kwamba halimo.

Chini ya hapo, jedwali linalogawa hatua za hipothemia kwa nyuzi 35, 32 na 28 ni mipaka ya urahisi wa kufundishia. Nimeona watu wawili wenye kiini sawa, mmoja akitetemeka hadi meno yanagongana na mwingine akiwa ametulia tuli. Nisingethubutu kukadiria joto la mtu kwa kutetemeka kwake peke yake. Maadili hayaturuhusu kumpoza mtu sana kwa ajili ya utafiti, kwa hiyo mengi tunayoyasema kuhusu nyuzi 30 kwenda chini yametoka kwa majeruhi na maiti, ikiwemo ile tabia ya kuvua nguo katika dakika za mwisho, ambayo ina maelezo kadhaa na hakuna hata moja lililothibitishwa. Na tafadhali nisitajiwe tena Anna Bågenholm, mtelezaji wa theluji aliyenaswa chini ya barafu na kunusurika nchini Norwe mwaka 1999 baada ya kiini chake kufika nyuzi 13.7. Aliokoka kwa sababu ubongo wake ulipoa sana kabla ya kukosa oksijeni na kwa sababu madaktari wa Tromsø walimpasha damu kwa mashine nje ya mwili; moyo wake ulikuwa umesimama. Huo si mfano wa ustahimilivu wa nia.

Mwalimu akiendelea na vipindi vyake vya maji baridi, amwambie kila mwanafunzi maneno matatu mapya anapoingia na amwombe ayarudie baada ya dakika chache, kisha amtake aguse kidole kidogo kwa gumba la mkono uleule. Anayeshindwa mojawapo atolewe, hata akiapa kwamba anajisikia vizuri, na asiachwe aende kubadili nguo peke yake, kwa sababu kiini kinaweza kuendelea kushuka kwa muda baada ya kutoka majini.