Millspaugh hakufukuzwa, alinyang'anywa saini

Nimeandikiwa tena, kwa uhakika uleule, kwamba Arthur Millspaugh, mshauri mgeni wa fedha za Uajemi (Iran ya leo), "alitimuliwa na Reza Shah", mfalme wa huko, basi, hadithi imekwisha. Jamani, mtu hatimuliwi Hazina kama mbuzi aliyeingia shambani. Anaachiwa kiti, mshahara na mkalimani. Majalada ndiyo yanaacha kupita mezani kwake.

Ya mwanzo kwa kifupi. Millspaugh, Mmarekani, alifika Tehran mwishoni mwa 1922 kusimamia fedha za Uajemi. Morgan Shuster, Mmarekani mwenzake aliyeshika Hazina hiyo kabla yake, alikuwa ameondoka Januari 1912, lakini huyo aling'olewa na shinikizo la Urusi lenye majeshi nyuma yake. Kesi tofauti kabisa, msizichanganye.

Nguvu ya Millspaugh ilikuwa kwenye sharti moja la mkataba: serikali haitumii fedha wala haijifungi kwa deni lolote bila idhini yake ya maandishi. Lisomeni kwa jicho la karani wa malipo. Waziri ameidhinisha, hati imeshuka kwa mhasibu, na mhasibu anauliza: mgeni ametia saini? Hajatia? Rudi nayo. Waziri gani atavumilia hayo miaka 5 mbele ya makarani wake?

Hapo ndipo wasomaji wangu hukimbilia neno "uzalendo", nami hapo ndipo huishiwa subira. Bunge la 1922 lilikuwa na wazalendo tele, na ndilo lililomtaka. Hata Reza Khan, ndiye Reza Shah wa baadaye, wakati huo waziri wa vita, alimhitaji: jeshi lilikuwa linameza sehemu kubwa ya bajeti, na Hazina iliyonyooka ilikuwa na maana ya askari kulipwa kwa wakati. Mwaka 1925 ukaja ushuru wa sukari na chai kwa ajili ya kujenga reli, ukakusanywa na wizara ileile aliyoipanga yeye. Kadiri alivyofanya kazi vizuri ndivyo alivyomwimarisha mtu ambaye karibuni asingehitaji ruhusa ya yeyote. Mwisho wa mwaka huohuo mtu huyo akawa Shah. Mwaka 1927 mazungumzo ya mkataba mpya yakakwamia palepale, kwenye madaraka ya Millspaugh juu ya matumizi, naye Millspaugh akaondoka.

Nisijifanye nina uhakika wa yote. Mengi kuhusu ugomvi huu tunayapata kwa Millspaugh mwenyewe, na mlalamikaji si shahidi wa kutegemewa. Huenda mshauri mwenye ulimi laini zaidi angedumu.

Na msiniletee mfano wa mshauri mgeni aliyedumu, Lloyd Mathews wa Unguja, Mwingereza aliyefanywa waziri wa kwanza wa Sultani mwaka 1891 akafa na cheo chake 1901. Yule nyuma yake palikuwa na manowari za Kiingereza. Ushauri gani huo?

Millspaugh alirudi Iran 1943, safari hii sheria ikimpa madaraka mpaka juu ya bei za bidhaa, nafaka na usafirishaji. Madaraka mengi kuliko mwanzo, ila hapakuwa tena na mkubwa wa ndani aliyemhitaji kama Reza Khan alivyomhitaji. Oktoba 1944 akatangaza kumwachisha kazi Abolhassan Ebtehaj, gavana wa Bank Melli, benki ya taifa. Ebtehaj hakutoka. Serikali haikumuunga mkono Millspaugh, na Januari 1945 Bunge likafuta madaraka yake. Ebtehaj aliendelea na ugavana hadi 1950.