Kuchoka kwenye meza ya Dungeons & Dragons: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika katika hadithi, itoke Marekani mwaka 1974, kazi mezani imegawanywa vilevile: kila mchezaji anashika mhusika mmoja, na msimamizi anashika ulimwengu wote uliobaki, kuanzia muuza duka hadi joka. Utamu wa mchezo uko hapo, na mzigo wake uko hapohapo.

Dhana: Msimamizi aliyechoka ameacha kuupenda mchezo.

Mara nyingi anayechoka ndiye anayeupenda kuliko wote. Kinachommaliza ni saa zisizoonekana. Nyuma ya kikao cha saa 4 panaweza kuwa na saa 6 za kuchora ramani, kuandika mazungumzo na kuwabembeleza watu wapatikane siku moja. Kisha wachezaji wanapita mlango mwingine, na nusu ya kazi ile haiguswi. Dalili huanza siku moja kabla ya mchezo: anafungua daftari, analifunga, na moyoni anaomba mtu aghairi.

Dhana: Maandalizi mengi huleta kikao kizuri.

Karatasi moja ya A4 inatosha. Andika tukio la kufungulia linalomtaka kila mchezaji atende jambo ndani ya dakika 5 za kwanza; maeneo 3, kila moja mistari 2; majina 5 ya akiba, kwa ajili ya wapita njia ambao wachezaji watawasimamisha ghafla; aina 2 za maadui; na siri 1 isiyofungwa mahali, iweze kugundulika popote watakapoingia. Mwisho usiuandike. Ukishauandika, utajikuta unawaswaga wachezaji kuuelekea, nao watakaza miguu.

Mapigano ndiyo yanayokula nguvu zaidi, na hapa wengi wanajitesa bure. Kanuni za toleo la tano la mwaka 2014 zinataka maadui wa aina moja warushiwe dadu ya zamu, ile ya kupanga nani anaanza, mara moja tu, hivyo goblini 6, yaani vijitu waovu wa hadithini, wanacheza pamoja badala ya kutawanyika katika nafasi 6. Vilevile, takwimu za adui hutaja wastani wa madhara ya kila silaha: upanga wa goblini ni 5. Tumia hiyo 5, usirushe dadu ya pande 6 na kujumlisha 2 kila anapopiga.

Dhana: Dawa ni kupumzika tu.

Mapumziko yasiyo na tarehe ya kurudi kwa kawaida ndiyo mazishi ya kampeni, yaani hadithi moja inayoendelea kikao hadi kikao. Panga wiki 4, mtaje siku ya kurejea kabla hamjaachana. Katikati chezeni kitu kisichohitaji msimamizi: Fiasco, uliotoka mwaka 2009, unachezwa na watu 3 hadi 5 kwa dadu za kawaida na kumalizika kikao kimoja. Lakini msimamizi akirudi akaukuta mzigo uleule, atachoka tena. Mmoja wa wachezaji apange tarehe, mwingine ashike orodha ya zamu wakati wa mapigano, wa tatu aandike kumbukumbu na kuanza kikao kwa kueleza yaliyopita kwa dakika 3. Hizo ni kazi 3 ambazo hazikuhitaji kuwa za msimamizi hata siku moja.

Dhana: Asipokuwepo mmoja, hatuchezi.

Kwa kundi la wachezaji 5, wakifika 3 chezeni. Kuahirisha kila mara kunamlazimu msimamizi kuandaa upya na kukumbuka upya.

Dhana: Wachezaji hawachoki.

Wanachoka, hasa kwa kusubiri. Anayekaa dakika 20 bila zamu atashika simu. Mwambie mapema, "Baada ya huyu ni wewe," afike zamu akiwa ameshaamua.

Dhana: Uchovu wote unatokana na mchezo.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa ya ICD-11, linautaja uchovu wa kupindukia kuwa ni jambo la kazini. Mtu akiwa hapati usingizi na kazini pia hawezi tena, kupunguza kurasa za maandalizi hakutamtibu. Mwondoleeni usimamizi leo, bila kumdai tarehe, na mmoja wenu amsindikize kwa daktari.